Vyekundu na Vyeupe

Wataalamu wakibishana, sheria huigawa kila nyumba: nusu hupewa dawa ya upande mmoja, nusu ya upande wa pili. Mionzi iliwapata Mwanaheri na mumewe Shekue siku moja. Wanaodai mionzi huanza kuua mishipa ya damu ya utumbo walimpa Mwanaheri vidonge vyekundu. Wanaodai huanza na chembe changa za ukuta wa utumbo walimpa Shekue vyeupe. Kubadilishana ni jela, mpaka ubishi uishe.

Nyumbani kwao ubishi umeshakwisha. Mwanaheri hata uji haukai tumboni. Shekue ana njaa ya ajabu, lakini kila akimaliza kula hujifungia chooni, akajifanya anatapika, mkewe amsikie.

Leo jirani alileta pilau. Shekue alikomba sahani, akajinyoosha kwenye mkeka.

Sauti ya mkewe ikatoka kitandani, taratibu: “Baba Saumu, leo umesahau kutapika.”