Kiti Kisichafuke

Fundi wa gereji alifungua buti la gari lililobondeka, akatoa kiti cha mtoto. Kilikuwa bado ndani ya nailoni.

"Angalau hiki kimepona, bosi. Hakina hata mkwaruzo."

Baba alikipokea kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyekataa kifunguliwe. Mtoto angekimwagia uji, kikachafuka kabla wageni hawajakiona.

"Mpakate tu, mama watoto," alikuwa amemwambia mkewe asubuhi ile. "Si hapo sokoni tu?"

Chini ya nailoni, mikanda ilikuwa imefungwa vizuri, kama ilivyotoka kiwandani.

"Mtoto ana miaka mingapi?" fundi aliuliza.

"Alikuwa na miwili."

Fundi akaizima redio yake.

Baba akaketi sakafuni, penye oili, akaanza kuichana nailoni kwa kucha, harakaharaka, kama mtu aliyechelewa.