Marejeo ya Mama

Siku hizi jambo lisilo na rejeo, yaani kumbukumbu iliyohifadhiwa ya kulithibitisha, halitamkiki. Kidude kilichopandikizwa kooni hukata sauti. Ndiyo maana kila familia ina maktaba yake ya marejeo kwenye diski ya pamoja ya mtaa; rejeo la mtu likifutika humo, hata jirani hawezi kumtaja. Kabla ya kuifungua, mtu hupiga hodi nyumba nzima, maana wawili wakiifungua kwa pamoja huharibika.

Asubuhi baada ya kumzika mama yao, Mwanakombo hakupiga hodi. Alitaka kumtazama mama kwenye picha za maktaba, peke yake. Chumba cha pili, kaka yake, Mbaruku, alitaka vivyo hivyo, wakaifungua dakika ile ile.

Skrini ikaandika: Maktaba haisomeki.

“Umefungua, wewe?” Mbaruku alifoka mlangoni.

“Na wewe je, mtu mzima na ndevu zako! Ulishindwa kuita?”

“Nakala ya akiba iko wapi?”

“Si ulisema diski ya pamoja yatosha?”

Majirani wakaja kuhani. Mwanakombo akafungua mdomo alitaje jina la mama, sauti haikutoka. Akamgeukia Bi Nunu, aliyemwosha marehemu jana. Midomo ya Bi Nunu ilicheza, kimya.

Hatimaye Bi Nunu aliinamia mkeka, akauliza kama mvua imefika huku. Wakazungumza habari za mvua mpaka chai ikaisha.