Mada ya Mukami

Asubuhi hiyo Mukami alimfuta ngamia kwenye mada yake ya utafiti, akabaki na maziwa.

"Maziwa ya wapi?" Wanja akamuuliza kutoka kitandani kwake.

"Ya Isiolo."

"Isiolo yote?"

Mukami akaguna. Kweli, Garbatulla, sehemu moja tu ya Isiolo, peke yake ingemmaliza kabla hajamaliza kuuliza watu majina. Akaifuta Isiolo, akaandika mji mmoja tu, Kinna. Halafu akakumbuka kwamba huko Kinna hana mtu wa kumpa mahali pa kulala. Akaifuta Kinna. Ukurasa ukabaki mweupe kama hayo maziwa yenyewe.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Mwalimu Doyo alisema wazi: asiye na mada kufikia saa sita hatamaliza chuo na wenzake, atangoja mwaka ujao. Na Mukami alikuwa ameshajaribu joho la kuazima, akapiga picha na kumtumia mama yake. Mama naye akaionyesha kanisa zima.

Hata hivyo, Mukami alimhurumia Wanja kuliko alivyojihurumia mwenyewe. Waliishi chumba kimoja, mtaa wa Chechelesi, na hakuwahi kumwona akihangaika na mada hata kidogo. Kazi ya Wanja ilikuwa kuchemsha chai na kuuliza maswali.

"Ile ya maji uliiacha kwa nini?"

"Ilikuwa pana."

"Na ya miraa?"

"Mjomba anauza. Nikiandika ukweli, Krismasi nitaenda kwa nani?"

"Na ukishaacha mada, unapata usingizi?"

"Nalala kama mtoto. Shida yangu ni kuamka."

Wanja akatikisa kichwa polepole. Mukami, ambaye kwa kushauri watu hakuwa na mpinzani, akamwekea mkono begani.

"Dada, na wewe utafute kitu. Kidogo tu. Kitu unachokiona kila siku, usijisumbue na safari."

"Asante," Wanja akasema, kwa heshima kabisa.

Saa sita, Mukami ndiye aliyeitwa kwanza. Akataja maziwa. Mwalimu Doyo akauliza ni ya mnyama gani. Akasema ng'ombe, akajirekebisha, mbuzi, kisha akaomba afikirie kidogo. Guracha, aliyekaa mbele, akalia kama mbuzi na darasa likaanguka kwa kicheko. Mukami mwenyewe akacheka, angefanya nini?

"Keti, mama maziwa," mwalimu akasema. "Wanja?"

Mukami akafumba macho, asione aibu ya rafiki yake.

"Kinachomzuia mwanafunzi kuchagua mada," Wanja akasoma. "Uchunguzi wa mwanafunzi mmoja, katika chumba kimoja cha Chechelesi."

Mwalimu Doyo akavua miwani. "Hiyo sasa ndiyo mada iliyopunguzwa! Na huyo mwanafunzi, amekubali kuchunguzwa?"

"Nitamuuliza leo, mwalimu. Lakini nimjuavyo, jibu tungoje mwaka ujao."