Mlango wa Karakana

Kashaija alizima mashine mpya ya kuchomelea kwa waya na gesi, akagonga kipande cha majaribio kwa nyundo. Kikakatika.

Ndani ya mshono mlikuwa na vitundu, kama andazi lililomegwa.

Mama Mchungaji, aliyekuwa akimtafsiria kijitabu cha mashine, alifunua ukurasa mwingine. "Fundi, hapa wanasema upepo hupeperusha gesi inayokinga mshono. Tufunge mlango kwanza."

Miaka yote Kashaija alichomelea mlango ukiwa wazi ili moshi utoke. Hivyo ndivyo alivyochomelea asubuhi ile, kwa mashine hii hii mpya, ndoano ya kuvutia trela la kwaya.

"Wameshaondoka?"

"Sasa hivi. Baba Mchungaji yumo, na watoto."

Alidondosha nyundo, akakimbia nje. Huko mteremkoni, nyuma ya trekta, kwaya ilikuwa imeanza ubeti wa pili.