Mgonjwa wa Saa Tano

Gauni la nesi lilimbana Mugure kwapani. Lilishonewa mtu mwembamba, na hakuna aliyejua ni nani, maana shamba lile la maua nje ya Kitengela halikuwahi kuajiri nesi. Mugure alikuwa mkata waridi. Unesi alivishwa siku ambazo wanunuzi kutoka ng'ambo walikuja kutazama kama wafanyakazi wanatunzwa.

Mara ya kwanza aliona aibu hadi chakula kikamshinda. Sasa hakusikia kitu. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu; hapa mgeni alikuja na mwenyeji akaugua kwa mpango.

Mpango wenyewe aliuleta Gakuru, msimamizi wake.

"Saa tano nitakutumia mmoja wa wale wa kupulizia maua dawa ya wadudu. Atajifanya kichwa inamuuma. Mpe dawa, mwambie apumzike. Hawa wageni wakikasirika, Mugure, watanunua kwingine na sisi wote twende nyumbani."

Mugure alikuwa na watoto watatu na nyumba ya kupanga. Alikubali.

Wageni waliwahi, saa tano haijafika. Meneja, ambaye hakujua mfanyakazi hata mmoja kwa jina, aliwaingiza katika chumba cha matibabu kilichonukia rangi mpya. Hata hawajakaa, vijana wawili wakasukuma mlango, wamembeba mwanamume aliyelowa jasho.

"Sista, saidia! Ameanguka huko ndani!"

Walimlaza kitandani wakatoka mbio. Basi Gakuru naye ameharakisha mtu wake, Mugure aliwaza. Wapuliza dawa walifanya kazi upande wa pili wa shamba, na huyu hakumjua kwa sura. Povu lilimtoka mdomoni, machozi yalimtiririka, miguu ilimtetemeka. Ametia chumvi mno, akasema moyoni. Meneja alimkonyezea jicho, amefurahi.

Mgonjwa alimkamata mkono. "Dada, sioni."

Hayo hayakuwa maneno ya mtu wa kuumwa kichwa. Mugure aliyaacha yapite.

"Ni kichwa tu," aliwaambia wageni kwa sauti ya upole aliyofundishwa. "Jua la leo ni kali."

Alimtia vidonge viwili mdomoni, akampangusa povu kwa pamba, akamfunika shuka hadi kidevuni. Vidole vilikuwa bado vimemng'ang'ania. Alivibandua kimoja kimoja.

Mama mmoja wa Kizungu alilengwalengwa na machozi kwa kuona utunzaji ule. "Atapona?" aliuliza kwa Kiswahili cha kujifunza.

"Kesho atakuwa kazini."

Wageni walipoondoka, meneja akiwasindikiza huku akicheka, Mugure alivua gauni akafunga aproni yake. Kitandani mtu yule alikuwa ametulia.

"Amka, wameenda," alimwambia. "Umeigiza vizuri."

Hakujibu. Mugure akamwacha alale. Si mara nyingi mtu wa shamba lile alipata kulala mchana.

Mlango ukafunguliwa polepole. Mwanamume alichungulia, kofia mkononi, anahema.

"Sista, wageni bado wako? Gakuru aliniambia nikuje saa tano nijifanye mgonjwa, na saa tano ndio hii. Sasa huyu amelala kwa kitanda yangu ni nani?"