Koo la Mdhamini

Chuoni kwetu mwanafunzi ana uhuru kamili wa kusema. Anayeadhibiwa ni mdhamini wake nyumbani. Nilisimama mbele ya utawala nikadai maji mabwenini, wenzangu wakanibeba mabegani. Jioni hiyohiyo, kule Muheza, kidude ambacho chuo kilimpachika mama, mdhamini wangu, kooni kikazima sauti yake mpaka nitakapohitimu.

Niliporudi likizo nilipiga hodi, sikujibiwa. Mama alikuwa ndani, ananitazama tu.

Juzi mdogo wangu Mwanahawa alipata nafasi chuo kilekile. Majirani wakajaa uani wakingoja vigelegele vya mama, maana mtaa mzima ulivijua. Akaweka kiganja mdomoni, ulimi ukacheza, kukawa kimya. Jirani mmoja akacheka.

Fundi aliyetumwa na chuo akafungua mkoba, akatoa kidude kingine. "Mdhamini nani?"

Mama akaninyooshea kidole.

"Mdogo wangu," nikasema, "wewe si mtu wa maandamano, au siyo?"

Mwanahawa alimfuta mama machozi kwa pindo la kanga, kisha akanikazia macho.

"Inua kidevu wakufunge, kaka. Mimi nina mengi ya kusema."