Mwanzilishi wa Gulio la Alhamisi

Chui aliingia gulioni asubuhi, akakanyaga fungu la mihogo la Bibi Nungunungu.

"Gulio hili lilianzishwa na babu yangu," akanguruma. "Kuanzia leo kila muuzaji atanipa fungu moja bure."

Sungura akaanza kukusanya nyanya zake haraka haraka. Bibi Nungunungu hakusogea.

"Kweli kabisa, mjukuu wangu, bila babu yako tusingekuwa na gulio. Alhamisi tuliyomzika ndipo tulipokutana wote kwa mara ya kwanza bila mmoja wetu kuliwa. Kila mtu alileta chakula, tukabadilishana, tukaona raha, tukakubaliana tukutane kila wiki. Sasa wateja wamezidi, tunatafuta siku ya pili."

Chui akaondoa mguu taratibu, akauliza mihogo ni bei gani.